Mashine ya Polishi na Ng'ombe wa Mzee Bura

Nasikia siku hizi mashine ikiwashinda mnaitafuta kwenye simu. Mnaandika jina lake, anatokea mtu wa nchi ya mbali mwenye meza safi kuliko kitanda changu, anaifungua polepole, na ninyi mnaifungua vilevile. Sina ugomvi na mtu huyo. Ila hajawahi kufika Babati, na yeye mashine zake hazijawahi kuangukia kwaya.

Mimi naitwa Safari. Kwetu ni jina la kawaida, hupewa mtoto aliyezaliwa mama yake akiwa njiani. Safari yenyewe ilikuwa ya kutoka Dareda kuja Babati, na baada ya hapo sikusafiri tena kwa maana yoyote. Zaidi ya miaka thelathini nilikaa kwenye kibanda kimoja pale Bagara, nikitengeneza kila kinachozunguka kwa umeme: feni, drili, mashine za juisi, cherehani za mota. Nimeacha kazi kwa sababu skrubu zimekuwa ndogo. Mke wangu anasema skrubu ni zilezile. Tuliache hilo.

Aliyenifundisha ni Mzee Mfinanga, Mpare aliyekuja Babati kufunga mota za mashine za kusaga, akabaki. Alikuwa mkali. Ukimletea mashine hakuigusa. Alikunja mikono, akamtazama mwenye nayo usoni, akauliza: "Mara ya mwisho ilipokuwa nzima, ilikuwa inafanya nini?" Halafu alisubiri. Wateja walichukia swali lile. Walitaka kuona kitu kinafunguliwa.

Mama mmoja alileta pasi, akasema haipati moto. Tukaipima, nzima. Akaenda nayo, kesho yake akarudi, haipati moto. Tukaipima tena mbele yake, ikaunguza kitambaa. Mara ya tatu Mzee Mfinanga akamuuliza swali lake. Mama akafikiri, akasema mara ya mwisho ilifanya kazi kabla hajahamia nyumba mpya ya kupanga kule Bonga. Tukaenda Bonga. Nyumba ilikuwa na soketi kila chumba, na taa, na feni ya kuning'inia. Umeme ndio ulikuwa bado haujavutwa. Yule mama alikuwa amekaa gizani wiki tatu akidhani ni mgao, na kwa kuwa jirani yake alikuwa anapiga nguo pasi, ya mkaa, akajua kwa hakika kwamba mbovu ni pasi yake. Mwenye nyumba alikuwa hajaona sababu ya kumwambia.

Basi swali lile nililishika. Niliuliza mashine za mji mzima. Ninachotaka kuwasimulia ni siku ambayo nilisahau kuliuliza pale lilipohitajika, na mtu mmoja nusura arudi kwao Same na sanduku lake.

Mkoa wetu ulikuwa mpya. Kabla ya hapo, ukitaka muhuri mkubwa ulipanda basi kwenda Arusha. Ghafla Manyara ikawa mkoa, makao makuu yakawa hapahapa, na ofisi zikafunguliwa kwenye majengo ambayo mwezi uliopita yalikuwa stoo za mahindi. Kila ofisi ilikuja na bosi, kila bosi na gari jeupe, kila gari na dereva aliyetembea mjini kana kwamba yeye ndiye aliyeutangaza mkoa. Na vumbi letu mnalijua. Gari lilitoka jeupe asubuhi, mchana likawa rangi ya chai ya maziwa.

Aliyeelewa mambo mapema ni Mama Nuru. Alikuwa na sehemu ya kuoshea magari kando ya barabara ya Dodoma, ukuta mmoja na uwanja wa kanisa. Kaka yake alimpatia mashine ya kupigia polishi, na kwa tulivyojua sisi ilikuwa peke yake mjini. Kwa asiyeijua: ni mota yenye mpini, mbele ina sahani ya duara iliyovalishwa manyoya ya kondoo. Unapaka dawa kwenye bodi, unawasha, manyoya yanazunguka, na mchubuko unapotea au unakuwa mkubwa zaidi, inategemea mkono wako.

Jumatano moja akaja kibandani kwangu Elifuraha, dereva wa ofisi ambayo sitaitaja. Kijana nadhifu, shati limenyooshwa mpaka kwenye mikunjo ya kiwiko. Siku hiyo shati lilikuwa limechomekwa upande mmoja.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Vipi?"

"Fundi, mimi nimekwisha."

"Umekwisha vipi?"

"Ng'ombe," akasema, akakaa kwenye feni ya mteja.

Kisa chake kilikuwa hiki. Bosi wake alikuwa likizo, anatarajiwa Jumatatu. Jumapili Elifuraha akaona gari la ofisi limekaa tu, akampakia mkewe Paskalina wakaenda Nangara kuwasalimia wakwe. Akaliegesha kando ya ua. Walipotoka baada ya chakula, wakamkuta ng'ombe wa baba mkwe, Mzee Bura, anajisugua ubavu kwenye mlango wa nyuma kwa raha zake zote. Wakamfukuza. Aliposogea, pale aliposimama kulikuwa na mchubuko mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole.

"Pembe zile, fundi!" akasema. "Na bosi alishaniambia mbele ya watu: gari likienda popote bila barua yangu, wewe nenda moja kwa moja kwenu."

Jumatatu alikuwa amerudi Nangara kulalamika. Mzee Bura alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Kamtazame ng'ombe yangu kwanza." Elifuraha akajibu kwamba ameshamtazama vya kutosha, akaondoka bila kunywa chai. Tangu saa hiyo Paskalina alikuwa anamjibu kwa "ndiyo" na "hapana", na "hapana" zilikuwa nyingi.

Nikaenda naye kwa Mama Nuru kuliona gari. Mchubuko ulikuwa chini kidogo ya kitasa, umenyooka. Nikatoa kitambaa changu, nikafuta. Kitambaa kikatoka na kijani.

"Majani haya," nikasema kwa sauti ya mtaalamu. "Ng'ombe anakula majani."

Elifuraha akatikisa kichwa kwa huzuni. Mama Nuru akatikisa chake. Watu wazima watatu, wote tumesoma, tumesimama mchana kweupe tukikubaliana kuhusu majani.

"Sasa si tupige polishi tu?" nikauliza.

"Ndiyo tumekuitia hilo," akasema Mama Nuru. "Mashine inaumwa."

Hapa nisikilizeni, maana hili ni la kazi. Mashine ile ilikuwa inawaka ukiitikisa. Ukiigusisha kwenye bodi inazima. Ukiipiga kofi inawaka tena, na kwenye matundu ya hewa unaona cheche nyingi za rangi ya chungwa, na harufu kama ya kucha inayoungua. Nikamuuliza Mama Nuru swali la Mzee Mfinanga. Akasema mara ya mwisho ilipokuwa nzima ilikuwa inang'arisha basi zima, siku mbili bila kupumzika. Nikajua tayari, lakini kujua tayari ndiko kunakoua mafundi, kwa hiyo nilienda kwa hatua. Nilichomeka redio kwenye soketi, ikaimba: umeme upo. Nikaukunja waya pale unapoingia kwenye mpini, mahali ambapo huwa unakatikia ndani bila kuonekana nje: mzima. Nikapima swichi: nzima. Ndipo nikazifungua nyumba za kaboni.

Kaboni ni vipande viwili vidogo vyeusi vinavyosukumwa na springi, vinagusa shaba inayozunguka na kuipelekea umeme. Vinalika kama chaki. Kimoja kilikuwa kimebaki kama ukucha wa mtoto. Kingine kilikuwa kimenasa kwenye unga wa polishi, hakisogei. Hicho ndicho kilichokuwa kinaamshwa na kofi.

"Kaboni zimekwisha," nikamwambia Elifuraha. "Babati hakuna. Panda basi la asubuhi, nenda Arusha, niletee kaboni mbili."

Akaitikia kwa utii. Ni mtu wa ofisi, amezoea kutumwa. Alhamisi akaondoka alfajiri, jioni akarudi amejaa vumbi na fahari, akaweka mezani bahasha ya kaki.

"Mbili hawauzi, fundi. Nimechukua pakiti nzima."

Nikafungua. Ndani kulikuwa na karatasi za kaboni. Zile za kuwekea katikati ya karatasi mbili ukichapa barua upate nakala. Mia moja.

"Nimechukua nyeusi," akaongeza, akiniegemea. "Kulikuwa na za bluu pia, lakini nikasema hili ni gari la bosi."

Vijana, sikucheka. Nilitamani kulia. Kosa lilikuwa langu, maana sikumpa kipande cha zamani akakionyeshe dukani. Mtu usimtume kwa jina la kitu. Mtume na kitu chenyewe mfukoni. Yeye maisha yake yote kaboni ilikuwa karatasi. Kwangu kaboni ilikuwa kaboni. Tulikuwa tunazungumza Kiswahili kimoja na tumepoteza siku nzima ndani yake. Hata leo kwenye duka la vifaa nisilolijua sitaji jina, nanyoosha mkono tu.

Ilikuwa Alhamisi jioni na bosi anakuja Jumatatu. Elifuraha akakaa tena kwenye ile feni, akaanza kuzihesabu zile karatasi moja moja mpaka vidole vikawa vyeusi na paji la uso likawa jeusi. Nikamhurumia sana. Alikuwa ameoa juzi tu, na kazi ile ndiyo iliyomfanya Mzee Bura akubali kumpa binti.

Nikamwambia aniletee betri kubwa za tochi zilizokufa. Ninyi hili hamlijui, na pengine hamtalihitaji, siku hizi kaboni unaziagiza kwa simu zinakuja na basi. Lakini ndani ya betri ya tochi ya zamani kuna kijiti cheusi cha katikati. Ukikitoa, ukakipunguza kwa tupa, ukakisugua kwenye msasa mpaka kiwe na pembe nne na kiteleze kwenye nyumba yake bila kubana wala kucheza, unapata kaboni. Si kaboni nzuri. Ni ngumu, inaimba, na ukiiacha muda mrefu inaila ile shaba. Ni ya kukuvusha siku mbili, halafu unatafuta ya kweli. Niliunguza Ijumaa nzima nikisaga, nikavunja vijiti vitatu, viwili vikakubali.

Jumamosi asubuhi nikaifungua mashine pale pale kwa Mama Nuru, nikapuliza unga, nikasafisha shaba kwa msasa laini, nikatia grisi kidogo kwenye gia. Sasa, kwenda kwenye kaboni kuna waya mbili. Kwa uchafu wa polishi zote mbili zilikuwa rangi moja, rangi ya matope. Mzee Mfinanga alinifundisha kufunga uzi kwenye waya kabla ya kuufungua, ujue upi ulikuwa wapi. Ninyi mnapiga picha kwa simu, na kwa hilo nawasifu, ni jambo la maana kuliko yote mliyoleta. Mimi siku hiyo sikufunga uzi. Sababu ni kwamba nyuma ya ukuta kwaya ilikuwa inafanya mazoezi, wimbo wa Mwanakondoo, nami sauti ya pili ya wimbo ule naijua, na nilikuwa nawaongoza kwa bisibisi.

Nikafunga kila kitu. Nikavalisha manyoya mapya, meupe, safi. Nikainua mashine juu kidogo niisikilize kabla ya kuigusisha kwenye gari. Elifuraha akasimama karibu, ameshika mikono kama mtu anayebatizwa. Nikabonyeza.

Ukibadilisha zile waya mbili, mota inazunguka kinyume. Na sahani inashikwa kwa nati inayojikaza yenyewe mashine ikizunguka upande wake. Ikizunguka kinyume, inajifungua. Mambo haya nayaeleza kwa utulivu sasa. Siku ile nilichoona ni kwamba mashine ilinguruma, na mbele yake hakuna kitu tena.

Sahani na manyoya yake vilipaa, vikapita juu ya kichwa cha Elifuraha, vikapita juu ya ukuta, vikizunguka, vyeupe kabisa, vikashuka upande wa pili.

Wimbo ukakatika. Halafu sauti moja ya kike, nyembamba, ikasema, "Ameshuka."

Tulisikia miguu ikikimbia na benchi likianguka. Tukasikia wengine wanaomba kwa sauti. Kisha mwalimu wa kwaya, ambaye alikuwa na besi ya kutikisa madirisha, akatangaza kwamba asikiguse mtu mpaka mchungaji aje. Mama Nuru akajifunga kanga vizuri, akaniangalia kwa jicho ambalo nalikumbuka mpaka leo, akaenda kueleza. Mwalimu wa kwaya akamjibu kwamba maelezo atayapokea mchungaji.

Nikabaki na mashine isiyo na uso. Nikaigeuza, nikaitazama, na juu ya kichwa cha gia nikaona mshale mdogo. Siku zote nilidhani ni nembo ya waliotengeneza. Mshale ulikuwa unaonyesha upande wa kuzungukia. Nikaiwasha bila sahani: ikazunguka kinyume cha mshale. Basi hata mashine yenyewe ilikuwa imeandika jibu usoni, na mimi nilikuwa nimelifuta vumbi mara kumi bila kulisoma. Nikafungua, nikabadilisha waya, nikafunga. Safari hii hata kwaya ingeimba nini nisingeisikia.

Ndipo geti likafunguka, akaingia mtu mfupi mwenye miwani na begi la safari begani. Mikononi ameshika ile sahani ya manyoya, kwa mikono miwili, kama keki ya harusi.

Elifuraha akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Alikuwa bosi. Amerudi siku mbili mapema, ameshuka stendi, ameambiwa gari lake limeonekana huku, na alipopita kanisani mchungaji, aliyeitambua mali ya Mama Nuru, akamkabidhi kama mpita njia wa kwanza mwenye sura ya kuaminika.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba, Elifuraha. Hiki kimeangukia kwaya." Akageuka, akauona mlango wa gari.

Elifuraha hakungoja. "Bosi, nisamehe. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa baba mkwe. Nangara. Nilikwenda na gari Jumapili, bila barua. Na mke wangu alikuwemo. Na tulirudi na mahindi mabichi kwenye buti. Na mwezi wa jana pia nilikwenda."

Nilimkanyaga mguu lakini alikuwa ameshafunguka kama ile sahani, hakukazika tena. Alikiri mpaka mambo ya spea tairi. Mama Nuru alikuwa amerudi, akaziba mdomo kwa kanga.

Bosi akanipa mimi sahani. Akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Elifuraha," akasema, "hilo si ng'ombe. Ni geti."

"Geti?"

"Geti la kwangu. Ijumaa ile kabla ya likizo nilitaka kulitoa gari mwenyewe. Kulisogeza tu. Nikalisogeza mpaka kwenye geti."

"Lakini bosi, wewe huna leseni."

"Ndiyo maana nilipanda basi kesho yake asubuhi na mapema."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Mimi nikifunga mlango kwa nguvu tu hunisemeshi mpaka jioni." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Nimerudi leo ili nilipeleke lipigwe polishi kabla hujaliona. Nilijua lina vumbi, nikasema labda mpaka Jumatatu halitaonekana."

Tukatazamana. Nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshaanza kujua jibu, "Geti lako lina rangi gani?"

"Kijani."

Nilikitoa kitambaa mfukoni. Kilikuwa bado na majani yangu.

Sasa wote wawili walikuwa na kesi, na kila mmoja alikuwa hakimu wa mwenzake, kwa hiyo kesi ikafa hapohapo. Tukafunga sahani, mshale ukafuatwa. Nikaigusisha polepole, spidi ya chini, nikinyunyiza maji, bila kusimama sehemu moja, maana ukisimama rangi inaungua. Sehemu kubwa ya ule mchubuko ilikuwa rangi ya geti tu iliyoganda juu ya rangi ya gari. Ilitoka kama uji kwenye sahani. Ndani ya robo saa mlango ukawa unatuonyesha nyuso zetu, na hakuna aliyefurahia kuuona wake. Zile karatasi za kaboni bosi alizichukua kwa ajili ya ofisi, akasema ni nyeusi nzuri.

Kazi ya Elifuraha ikawa imepona. Lakini nikamwona hafurahi.

"Baba mkwe," akasema. "Niliondoka bila kunywa chai yake."

Kesho yake baada ya ibada tukaenda Nangara sote wanne: Elifuraha, Paskalina akiwa kimya siti ya nyuma, bosi kwa sababu ng'ombe alikuwa amebeba kosa lake, na mimi kwa sababu ya majani. Tulikwenda na lile lile gari la ofisi, na bosi akajiandikia barua ya ruhusa mwenyewe.

Mzee Bura alitupokea kwenye viti. Elifuraha akapiga goti, akaomba radhi. Bosi akatoa hotuba fupi yenye "kwa niaba ya". Nami nikaeleza habari ya kitambaa na kijani. Mzee akanisikiliza, akatikisa kichwa taratibu.

"Mimi hamkunikosea," akasema. "Mlimkosea yeye. Njooni."

Akatupeleka nyuma ya nyumba. Ng'ombe alikuwa amelala, anacheua, hana habari. Mzee Bura akampiga kofi la upole, akainuka, akatugeuzia uso.

Hakuwa na pembe.

Hata moja. Kichwa laini kama goti. Ng'ombe wa maziwa, pembe zake ziliondolewa akiwa ndama.

"Nilikuambia kamtazame," Mzee Bura akamwambia mkwewe. Halafu akanigeukia mimi. "Alikuwa anajisugua tu. Amewafutia vumbi, ndiyo mkaliona geti. Na wewe, fundi mzima, ulidhani ng'ombe yangu anakula majani kwa pembe?"

Paskalina ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akamshika mumewe bega asianguke, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kugusana wiki nzima. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliona aibu ambayo haijaisha. Swali lile nimewauliza watu kuhusu pasi, kuhusu feni, kuhusu mota za kila namna. Mashine ya Mama Nuru niliiuliza. Mtu aliyekuja amekalia feni yangu na maisha yake mkononi, sikumuuliza: mara ya mwisho ulipouona mlango huu mzima, ilikuwa lini? Angefikiri. Angesema, si Jumapili, maana lilikuwa na vumbi. Ni Alhamisi ile nilipoliosha. Na hapo tungekuwa tumefika getini bila kupitia Arusha, bila kwaya, bila kumsingizia kiumbe asiyeweza kujitetea.

Tulikunywa chai, vikombe viwili viwili. Elifuraha alikunywa vitatu.

Kile kibanda cha Bagara nimemwachia fundi mwenzangu, na huwa napita kumsalimia. Juzi mteja mmoja alikuwa amemletea drili, ameshaifungua skrubu mbili kwa kisu akiwa njiani, anaapa kwamba kilichokufa ni swichi. Fundi hakuigusa ile drili. Alikunja mikono, akamtazama yule mtu usoni, akamuuliza tunavyoulizana sisi mpaka leo:

"Ng'ombe umemwona?"